Yai Lililodunda

Mwokaji aliyatazama mayai kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika na begi kubwa: kwa adabu, huku akiomba moyoni asiambiwe kwamba amekuja kukaa.

"Leo sichukui, dada," alisema.

Mama Kuku alidhani hajasikia vizuri. Alikuwa bado mlangoni mwa duka la mikate, trei zimepandana mikononi, kidevu kimeikandamiza ya juu isiteleze. Kwa mkao ule mtu hawezi hata kushangaa. Ukifungua mdomo sana kidevu kinashuka, na mayai yanashuka nacho.

"Huchukui ngapi?" aliuliza kwa meno yaliyobana.

"Sichukui hata moja."

"Ya juzi hayajaisha?"

"Ya juzi yaliisha juzi hiyo hiyo. Weka chini kwanza, utaniangukia hapa watu waseme nimekusukuma. Njoo uone."

Mwokaji alimvuta hadi nyuma ya kaunta, karibu na tanuri, akajifuta unga wa vidole kwenye aproni na kufungua simu. Ilikuwa video ya giza giza, imekatwa juu na chini, maandishi mekundu yakipita kama gari la zimamoto: HATARI! MAYAI YA PLASTIKI YAMEINGIA MITAANI! Nyuma yake ukapiga muziki wa kutisha, ule unaopigwa mtu anapofungua mlango asiopaswa kuufungua. Kisha ikaja sauti nzito ya mwanamume aliyejiita daktari, bila kusema daktari wa nini wala wa wapi. Mkono ukaonekana. Mkono ukadondosha kiini cha yai mezani, na kiini kikadunda. Ukakiokota, ukakidondosha tena. Kikadunda tena, kwa furaha, kama mpira.

Mama Kuku alikuwa amevunja mayai tangu usichana wake na hajawahi kuona kiini chenye mori wa namna ile.

"Hilo si yai langu."

"Sijasema ni lako. Na wao hawajasema ni la nani, ndiyo ubaya wenyewe. Wateja wanaingia hapa wananiuliza, 'Keki hii ina mayai ya nani?' Nikisema ya Mama Kuku, wanauliza, 'Na yeye anayatoa wapi?'"

"Si kwa kuku!"

"Nimewaambia. Wanasema hivyo ndivyo wanavyosema wote."

"Na wewe shoga yangu umeamini? Wewe uliyekuja bandani kwangu ukadonolewa mguu?"

"Alama ninayo mpaka leo. Lakini lisemwalo lipo, dada."

"Lipo wapi? Kwenye simu?"

Mwokaji aliiweka simu juu ya gunia la unga, akakunja mikono. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na sauti ile ilipozidi kupungua ndipo watu waliomjua walipoanza kutafuta mlango.

"Haya, na mimi nikuulize. Waliposema mikate yangu ina dawa ya kuumulia inayomung'unya mifupa, ulikuja kuniuliza?"

Mama Kuku akalitazama tanuri.

"Ulikuja?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli ya mwezi mzima! Ukawa unapita ng'ambo ile ya barabara, mkate wa duka la kona umeuficha kwenye mfuko mweusi, ncha inachungulia nje kama mtoto anayecheza kujificha. Nikakupungia mkono. Ukajifanya unatazama ndege."

Ndege mwenyewe hakuwapo. Siku ile juu ya barabara kulikuwa na nyaya za umeme tu, na Mama Kuku alizikodolea macho kama mkaguzi.

"Sina ugomvi nawe," mwokaji alisema kwa upole zaidi. "Ila nikichukua mayai yako leo, kesho watasusa mikate yangu. Nitakula mwenyewe? Nitazame nilivyo, unadhani nahitaji msaada wa kula? Wanyamazishe watu kwanza, halafu ulete."

"Nani alikutumia hii?"

"Mwuza dawa. Na yule ni mtu aliyesoma, hawezi kutuma upuuzi."

Mama Kuku alizipandanisha trei zake upya, akaweka kidevu mahali pake, akatoka. Njia nzima watu walimsalimia kwa kuyatazama mayai badala ya uso wake.

*

Kuku hawasomi habari. Mwokaji alikataa, mwenye mgahawa akakataa, majirani wakaanza kusema daktari amewakataza mayai, na bandani kuku waliendelea kutaga kwa bidii ya watumishi wapya. Trei zilijaa stoo, zikahamia chini ya meza, kisha zikapanda kwenye kochi. Aliyetaka kuketi ilibidi kwanza awahamishe wenyeji.

Mumewe aliketi kwenye kiti pekee kilichobaki, miguu ameiinua isiguse trei. Alikuwa mlinzi wa ghala kubwa mpaka ghala lilipofungwa. Akaondoka na koti la sare, tochi, na simu nzuri waliyompa wakimuaga, na tangu siku hiyo akahamishia ulinzi wake kwa binadamu wote. Alilinda ndugu dhidi ya kunywa maji baridi baada ya kula. Alilinda majirani dhidi ya matikiti, dhidi ya kulala miguu ikielekea dirishani, dhidi ya namba za simu ambazo ukizipokea unapooza. Kila onyo lilianza kwa maneno "Taarifa muhimu", na mtaa mzima ukambatiza jina hilo hilo: Taarifa. Ndiye aliyemsomea mkewe habari ya mikate na mifupa.

"Mimi nilisema zamani," Taarifa alisema. "Mayai ya siku hizi si ya kuaminika."

"Mayai ya siku hizi ndiyo yaliyokununulia bando la kusemea hivyo."

"Si yako, mke wangu! Yako nayajua. Nasema yale ya dukani."

"Na mtu wa mtaani atatofautishaje langu na la dukani? Limeandikwa jina?"

Taarifa alijikuna shingo. "Lakini ukweli usemwe, jambo lenyewe lipo. Video hii nimetumiwa na watu chungu nzima, mpaka mmoja wa ng'ambo. Kitu kikiletwa na watu wengi namna hiyo, wote hawawezi kuwa waongo."

"Wamekiona wao?"

"Wameletewa."

"Na waliowaletea wamekiona?"

"Mama watoto, ukianza kuuliza hivyo hutaamini chochote duniani."

Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa mchinjaji, mtu mrefu mwenye macho ya huzuni, ambaye kila nyumba yenye shida ilimwona kabla haijawaona ndugu zake. Watu walimwita Pole.

"Pole, mama," alisema, akizunguka zile trei kwa ncha za vidole. "Nimesikia. Pole sana, mzee."

"Hatujafiwa," Mama Kuku alisema.

"Bado," Pole alikubali. Aliomba kuwaona kuku, akawatazama kupitia wavu kwa jicho la mtu anayewaona tayari hawana manyoya. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya supu. Kuku wa mayai aliyelelewa tangu kifaranga, akachanjwa, akapewa chakula cha dukani, alikuwa anapimwa kwa mapaja yake, na mapaja ya kuku wa mayai si kitu cha kujivunia.

"Hiyo ni dharau," alisema Mama Kuku.

"Ni dharau, mama, nakubali. Lakini mifuko ya chakula nimeiona pale, imelala. Kuku mwenye njaa hatagi, na asiyetaga hata mimi sitamtaka kwa bei hii. Jumamosi nitapita na matenga. Ukiwa na mawazo mengine, nitapita tu kukusalimu."

Alipoondoka, Mama Kuku alifungua mfuko wa mwisho wa chakula, akatumbukiza mkono kupima. Mkono uligusa chini upesi mno. Bila kuku nyumba ile ilikuwa na koti la sare na tochi.

Akajifunga mtandio. "Naenda kwa mwuza dawa."

"Unaumwa?"

"Naumwa na hiyo video. Nataka kujua imezaliwa wapi."

"Mambo ya mtandaoni hayana kwao," Taarifa alimwonya, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Yanakuja tu."

"Hata mvua ina wingu lake," alisema Mama Kuku, akatoka.

*

Mwuza dawa alikuwa kijana safi, koti jeupe, kalamu mfukoni. Aliposikia ameitwa shahidi wa mayai ya plastiki alipatwa na kikohozi, na katika duka lililojaa dawa za kikohozi hakuna aliyemhurumia.

"Niliituma kama tahadhari tu, mama."

"Uliitazama yote?"

"Mwanzo wake. Palikuwa na foleni. Nikaona neno 'hatari', nikaona neno 'daktari', kidole kikaenda chenyewe."

Mama Kuku alikuja na maneno makali aliyoyanoa njia nzima, lakini kijana alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, na kumpiga mtu aliyeinama si mchezo mzuri. "Na ile ya kudunda," aliuliza, "yai linaweza?"

"Kwa kweli sijui. Sijasomea mayai." Alifikiri kidogo. "Ila hapa dukani mtu akiniletea dawa, siulizi kwanza kama inatibu. Nauliza imetoka kwa nani na ilihifadhiwaje. Kuna dawa hapa ikishaganda kwenye barafu imekufa. Ukiitazama ni ile ile, lakini si ile tena. Hiyo video ningeiuliza maswali hayo hayo. Sikuiuliza. Nisamehe."

"Ulitumiwa na nani?"

"Na mke wangu. Yeye aliipata alipokwenda kusukwa." Akamtazama kwa wasiwasi. "Kwa wifi yako."

Mama Kuku alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha ndani yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa inazunguka mtaa mzima, na kila kona ilizidi kuelekea kwao.

*

Saluni ya wifi yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa, viti vitatu, na harufu ya mafuta ya nywele. Wateja wawili walikuwa wamesukwa nusu vichwa, kwa hiyo hawakuweza kuondoka hata wangetaka, na baada ya kumwona Mama Kuku alivyoingia hawakutaka.

"Karibu, wifi! Nimesikia mayai yako yanacheza mpira."

"Yamechoka na timu yake. Nataka kocha. Nani alikutumia ile video?"

"Ah! Mtu wa kuaminika."

"Nani?"

"Wa kuaminika, nimekwambia. Aliona kwa macho yake mwenyewe." Wifi alirudi kwenye kichwa cha mteja kwa bidii ya ghafla. "Tena alinikataza nisikuonyeshe."

Mteja wa kwanza aligeuza shingo asikose neno, akavutwa nywele, akapiga yowe, akageuza tena.

"Wifi," Mama Kuku alisema, akijikalisha kwenye kiti cha tatu. "Jumamosi Pole anakuja na matenga. Kuku wakienda, kaka yako atahitaji pa kula. Nyumbani kwangu hapatakuwa na kitu. Nadhani utampa chumba kile cha nyuma. Anapenda kuamka alfajiri na kusoma taarifa kwa sauti."

Wifi aliacha kusuka. Picha ile ilimwingia vizuri. Akajifuta mafuta, akaichukua simu, akaitafuta video juu, juu, juu zaidi, chini ya maua ya asubuhi njema na picha za watoto wa watu.

Hii ilikuwa video nyingine na ilikuwa ile ile. Haikuwa na giza wala muziki. Palikuwa na mwanga wa mchana na meza iliyotandikwa plastiki ya maua, yenye shimo la kuungua pembeni, na shimo lile Mama Kuku aliliunguza mwenyewe kwa sufuria. Nyuma, friji mlango wazi. Mezani, mfuko wa samaki walioganda. Mkono uleule ukatokea, na safari hii ukaja na sauti yake ya kuzaliwa nayo:

"Taarifa muhimu, ndugu zangu. Mayai haya nimeyanunua dukani kwa pesa yangu mwenyewe—"

"Pesa yake ipi?" Mama Kuku aliuliza.

Wateja waliangua kicheko. Wifi alijitahidi kuheshimu ukoo wake, akashindwa, akajifunika uso kwa taulo.

"Na muziki? Na yule daktari?" Mama Kuku aliuliza walipotulia.

"Mimi niliirusha kwa wateja wangu hivi hivi ilivyo. Mmoja ana binti anayejua kutengeneza mambo haya. Akaikata, akaitia muziki inoge. Daktari ni mchumba wa huyo binti, anaongea amebana pua. Iliporudi kwangu imenona, nikaona loo, kumbe hata madaktari wamesema! Nikaituma tena."

Lakini Mama Kuku hakuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko wa samaki. Aliujua mfuko ule. Alijua pia alichokuwa amekiweka nyuma yake, chini kabisa ya barafu, na kukisahau. Akainuka bila kuaga.

*

Taarifa alikuwa pale pale, miguu juu, akisoma. Mkewe alipita moja kwa moja hadi kwenye friji, akafungua sehemu ya barafu, akaingiza mkono nyuma ya samaki, akapapasa. Hapakuwa na kitu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Yale mayai uliyonunua dukani."

Simu ilishuka taratibu mpaka magotini. "Mayai gani?"

"Kwa pesa yako mwenyewe."

Taarifa aliangalia dari, akaangalia mlango, akaangalia trei zilizomzingira, akaona kwamba kwa mtu mwenye miguu mikubwa kama yake hakuna njia ya kutoka kwa haraka bila hasara.

"Niliyakuta humo," alisema hatimaye. "Sikuyanunua. Lakini ningesemaje? Niseme nimeyachukua kwenye friji ya mke wangu bila ruhusa? Mtu mzima? Kwenye kundi la ukoo?"

"Kwa hiyo ukawatisha watu kwa mayai yangu."

"Sikujua ni yako! Mayai yako si hukaa stoo siku zote? Lini umetia yai kwenye friji? Nikasema haya ni ya kigeni, huenda binti yetu aliyanunua alipokuja. Nikavunja moja nikaange, mke wangu, kiini kikadunda! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeuliza."

"Ningemuuliza nani?"

"Mwenye friji!"

Taarifa, kama mwanasheria aliyeona upenyo, akainua kidole. "Na wewe uliyatia humo kwa nini?"

Hapo ilikuwa zamu ya Mama Kuku kuangalia dari. "Niliyaficha."

"Ulimficha nani?"

"Nani mwingine humu ndani anakula bidhaa?"

Mke na mume walitazamana, kila mmoja akiona mwenzake ana haki kiasi, na hakuna haki inayouma kama hiyo.

"Basi wewe ndiye uliyegandisha," Taarifa alisema.

"Na wewe ndiye uliyedundisha."

Mama Kuku alikwenda bandani, akarudi na yai lililokuwa bado na joto la kuku. Akamshikisha mumewe. Kisha akalichukua, akalitia kwenye barafu, akafunga mlango wa friji. Kesho yake walilitoa, likiwa na ufa kwenye ganda, wakaliacha mezani liyeyuke, wao wameketi kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Walipolivunja, ute ulimwagika kama kawaida. Kiini kilibaki kimekaa, kigumu, kinang'aa. Taarifa alikiokota kwa vidole viwili na kukidondosha.

Kikadunda.

"Lakini," alisema polepole, "yule daktari naye aliona kama mimi. Nilipoipata ile video yake, nilijiambia, kumbe siko peke yangu. Sasa tuko mashahidi wawili."

"Ulikuwa wewe, baba watoto. Ule mkono ni wako. Wamekutia giza na muziki wakakurudishia, nawe ukajiamini."

Taarifa alijitazama mkono, mbele na nyuma, kama aliyeazimwa.

*

Alirekodi video nyingine. Safari hii alionyesha uso, akavaa na koti la sare. Alisema yote: friji, barafu, samaki, mpaka kule kusema amenunua. Ilimchukua mara kadhaa kwa sababu alipofika kwenye neno "niliyachukua bila ruhusa" sauti ilikuwa inakatika. Akaituma kila alikotuma ile ya kwanza. Kisha wakaketi kusubiri.

Majibu yalikuja machache. Binamu mmoja aliandika kwamba Taarifa amelipwa na kiwanda. Mwingine akasema video imetengenezwa, midomo hailingani na sauti. Mama mmoja aliuliza yanapatikana wapi mayai hayo ya kudunda, watoto wake wangeyapenda. Yule binti wa muziki hakuona cha kunogesha. Uongo ulikuwa umezunguka mtaa mara nyingi bila kuchoka. Ukweli ulifika kona ya kwanza, ukaketi.

"Hawataki," Taarifa alisema. Kwa mara ya kwanza tangu ghala lifungwe, aliiweka simu kifudifudi. "Hata mimi ningeletewa, ningesema huyu amelipwa."

"Basi tuwafuate kwa miguu."

"Wote?"

"Tuanze na mwokaji."

Mwokaji aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, mkono kiunoni. Mama Kuku alianza na jambo lake kwanza. "Shoga, ile habari ya mkate na mifupa. Sikuja kukuuliza. Nilipaswa kuja." Ilikuwa sentensi ndogo, lakini aliitoa kama mtu anayeng'oa msumari. Mwokaji hakusema amesamehe wala hajasamehe. Akamgeukia Taarifa.

"Nitachukua mayai. Ila kesho asubuhi, duka likifunguliwa, wewe utasimama hapa kwenye kaunta, mbele ya wateja, uvunje yai moja moja kwenye bakuli. Kila anayetaka kugusa, aguse. Nione kama watanunua. Wasiponunua, dada, mpigie Pole."

"Mimi? Nisimame na aproni?"

"Ipo yenye maua," mwokaji alisema. "Itakukaa."

*

Jumamosi asubuhi Taarifa alisimama kwenye kaunta na aproni yenye maua, akavunja mayai. Watu walikuja kununua mkate, wakabaki kutazama mtu. Wengine walimtania: "Taarifa muhimu! Leo hakuna matikiti?" Akajibu kwa kuvunja yai. Mmoja alitaka kuona kiini kikidondoshwa mezani. Kikadondoshwa, kikapasuka kama viini vyote vya heshima, na Taarifa akapangusa meza. Pole alipita na mkokoteni wa matenga matupu, akaegemea mlango. "Pole, mzee," alisema. Hakuondoka. Mama Kuku alisimama pembeni na trei zake, akihesabu nyuso badala ya mayai: huyu amenunua, huyu ameondoka, huyu anasitasita.

Kisha Taarifa akavunja yai kubwa, na ndani ya bakuli vikateleza viini viwili.

Mama mmoja mwenye miwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza kwa sauti "Na yeye anayatoa wapi?", akasonga mbele. "Mnaona! Viini viwili! Kuku gani anafanya hivyo? Haya ni ya maabara!" Simu ikatoka mkobani. Mkono ukainuka.

Taarifa alikauka, ganda mkononi. Alikuwa anaijua sura ile ya mtu aliyeona jambo na kidole kinamwasha; ameivaa miaka mingi. Angeweza kumnyang'anya simu, na video ingekuwa nzuri zaidi.

"Dada," alisema, "tuma. Sitakuzuia. Nakuomba tu ukamuulize kwanza mwenye kuku. Yule pale. Mimi sikumuuliza."

Mama mwenye miwani alimtazama Taarifa, akamtazama Mama Kuku. "Twende basi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kumfumania mwongo.

Wakaenda, simu bado iko juu, na nyuma yao wateja watatu wanne, na nyuma ya hao Pole na mkokoteni wake. Bandani kuku walikusanyika kwenye wavu wakidhani wote wale wameleta chakula. Mama mwenye miwani alichungulia. Alinusa. Alitazama viota, akaona yai limelala kwenye nyasi, akaingiza mkono mwenyewe kulichukua, na kuku mwenye kiota akamdonoa.

"Aa!" Akaling'ang'ania hivyo hivyo. Lilikuwa na joto. "Na lile la viini viwili? Nani alitaga?"

Watu wote walimgeukia Mama Kuku. Kulikuwa na kuku mmoja mnene mbele, upanga mwekundu kichwani, mwenye sura ya kutaga chochote atakachoambiwa. Kumnyooshea kidole ilikuwa kazi ya sekunde moja. Wote wangeamini. Simu ingemchukua, angekuwa kuku maarufu, na Pole angeondoka na mkokoteni wake. Mkono wa Mama Kuku ulianza kuinuka.

Akaurudisha.

"Hawa wadogo wa upande huu ndio wanaanza kutaga," alisema. "Wanaoanza hukosea hivyo, hutoa viwili kwa pamoja. Lakini ni yupi kati yao, dada yangu, sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Yamechanganyika kwenye trei."

Mama mwenye miwani aliligeuza lile yai lililokuwa bado linapoa kiganjani mwake. Kisha akashusha simu, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Nifungie trei moja," alisema. "Na hili nalo lihesabu."